Dawa niliyoificha ndani ya chai

Msomaji mpenzi, ikiwa unaishi upande huu wetu wa Juja, Ruiru au Thika na huwa unapanda matatu kwenda jijini Nairobi, bila shaka umewahi kuusikia mzaha huu. Gari likikaribia Muthaiga, makanga hugonga bodi na kupaza sauti: "Wa Mathari mjitayarishe! Mliotoroka jana, leo mnarudishwa!" Abiria hucheka. Yule anayeteremka hapo hujieleza haraka haraka kwamba anaenda kituo cha polisi, si hospitalini. Ama kweli ni ajabu kwamba mtu huona afadhali adhaniwe ana kesi kuliko adhaniwe ana mgonjwa wa akili.

Mimi pia nilikuwa nikicheka. Nimezaliwa na kulelewa Kalimoni, na tangu nianze kazi hii ya uandishi nimelipita lango hilo asubuhi na jioni kwa miaka zaidi ya kumi. Niliacha kucheka mwaka 2018, ugonjwa wa akili ulipobisha hodi nyumbani kwetu na kuingia bila kungoja kukaribishwa.

Leo nataka nikusimulie niliyojifunza juu ya matibabu ya maradhi haya na watu wanaoyatoa, hasa wauguzi. Sitakuficha kitu, ingawa mengine ni makosa yangu mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

MAGAZETI DIRISHANI

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alikuwa na umri wa miaka 21 na alikuwa akisoma mwaka wa pili katika chuo kikuu. Alikuwa kijana mcheshi aliyependa kuiga sauti za wasomaji wa habari mpaka mama ashike mbavu. Likizo ya Agosti alirudi nyumbani akiwa amekonda na kunyamaza. Usiku hakulala. Tulimsikia akitembea chumbani kutoka ukuta hadi ukuta.

Kisha akaanza kukusanya magazeti yenye makala yangu. Alikata kila nilichoandika, akapigia baadhi ya maneno mistari kwa kalamu nyekundu, na kukibandika dirishani hadi chumba kikawa giza mchana kutwa. Mimi, kwa ujinga wangu, nilifurahi. Nilimwambia mama: "Hatimaye nimepata msomaji humu nyumbani."

Siku moja aliniita kando, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, kwa nini unaniandika?" Nilidhani ananitania. Akanionyesha makala niliyoandika juu ya bei ya unga. Alisema maneno yaliyopigiwa mstari, yakiunganishwa, ni ujumbe kwa watu wanaotaka kumwua, na kwamba mimi ndimi mjumbe wao.

Tulifanya yale ambayo familia nyingi hufanya. Mama alisema ni kijicho cha watu waliomwona mwanawe akiingia chuo kikuu. Baba mdogo alitaka apelekwe kwa mganga. Jirani alisema ni bangi tu, achapwe. Mimi niliyesoma nilisema ni wasiwasi wa mitihani. Kwa ufupi, kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa, ila hakuna aliyemwuliza mgonjwa anahisi nini. Miezi minne ikapita tukimwombea na kugombana.

Usiku mmoja wa Desemba alivunja dirisha na kukimbia kuelekea machimbo ya mawe. Msomaji unayeyafahamu machimbo ya pande za Juja na Ndarugu huhitaji kuelezwa hatari yake. Ni mashimo marefu, mengine hujaa maji mvua ikinyesha, na mengi hayana ua. Vijana wa boda boda walitusaidia kumsaka kwa taa za pikipiki zao. Tulimkuta ameketi ukingoni, miguu ikining'inia, akitetemeka kama aliyenyeshewa.

Tulimvuta nyuma, akapigana nasi. Basi tukamfunga mikono na miguu kwa kamba ya kuanikia nguo. Niseme ukweli: mimi ndimi niliyemshika miguu mpaka fundo likakaza.

KAMBA ILIFUNGULIWA KWANZA

Alfajiri tulimfikisha katika hospitali moja ya umma. Nilikuwa nikimngoja daktari mwenye sindano kubwa. Aliyetokea ni muuguzi, mama wa makamo, ambaye wodi nzima ilimwita Sista.

Sista hakuanza na sisi tuliokuwa tukisema wote kwa pamoja. Alichuchumaa mbele ya mdogo wangu, akamtajia jina lake na kazi yake, akamwuliza: "Unapenda tukuiteje hapa?" Kisha akasema: "Nitaifungua kamba hii. Hawa wenzangu wawili watasimama karibu ili mtu yeyote asiumie, wewe wala sisi. Ukiona naharakisha, niambie."

Akafungua fundo moja baada ya jingine, akieleza kila anachofanya kabla hajakifanya. Mdogo wangu, ambaye alikuwa ametupiga mateke njia nzima, alimnyoshea mikono kama mtoto anayevuliwa sweta.

Baadaye nilimwuliza Sista siri yake ni nini. Alicheka akasema: "Mwanangu, mtu anayeamini kwamba anawindwa, ukimrukia umemthibitishia."

Daktari wa magonjwa ya akili alipomaliza kumchunguza na kutuhoji, alitupa jina la ugonjwa, nalo ni skizofrenia. Alitueleza kwamba si laana wala si malezi mabaya. Ni ugonjwa wa ubongo na fikra, unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizosikiwa na wengine au ashikilie dhana ambayo haitikiswi na ushahidi wowote. Mara nyingi huanza mtu akiwa mwishoni mwa utineja au katika miaka yake ya ishirini. Bangi inaweza kuuchochea kwa mtu aliye na mwelekeo huo, lakini wengi huugua bila kuigusa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 24 ulimwenguni walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, yaani takriban mtu 1 kati ya kila 300. Jaribu kuwahesabu watu wa mtaa wako, msomaji, halafu ujiulize wamefichwa wapi.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Mdogo wangu alilazwa kwa wiki sita. Katika wiki hizo nilitambua kwamba dhana yangu ya hospitali ya akili, yaani daktari mmoja na walinzi wengi, ilikuwa mbali kabisa na ukweli. Ugonjwa huu hutibiwa na kundi, na kila mmoja katika kundi ana kazi ambayo mwenzake hawezi kuifanya vyema.

Daktari ndiye anayeutambua ugonjwa, kuchagua dawa na kuamua kipimo. Lakini wagonjwa walikuwa wengi, na daktari alimwona mdogo wangu kwa dakika chache, mara mbili kwa wiki. Wauguzi ndio walioshinda na kukesha naye, zamu baada ya zamu. Muuguzi wa usiku ndiye aliyeandika kwamba mgonjwa analala saa tatu tu. Muuguzi wa asubuhi ndiye aliyeona kwamba kikombe kinamtetemeka mkononi, shingo imekakamaa, na akitembea hapungi mikono. Mama alikuwa ameanza kunong'ona kwamba amerogwa upya. Kumbe yalikuwa madhara ya dawa! Sista alimwarifu daktari siku hiyo hiyo. Kipimo kilipunguzwa, akaongezewa tembe za kupunguza ule ukakamavu, na baada ya siku chache alikishika kijiko bila kumwaga.

Hebu tafakari: kama pasingekuwa na mtu wa kumwangalia anavyokunywa uji, daktari angejuaje?

Alikuwepo pia mwanasaikolojia, aliyeketi naye kuzungumza juu ya hofu zake mara sauti zilipopungua. Alikuwepo mtaalamu wa tiba ya kazi, aliyekuwa na shamba dogo la sukuma wiki nyuma ya wodi. Awali nilidhani shamba lile ni njia ya kuwashughulisha wagonjwa wasisumbue. La hasha! Mtaalamu yule alikuwa akipima mambo: je, kijana anaweza kufuata maagizo matatu mfululizo? Anaweza kukaa kwenye kazi nusu saa? Atakumbuka kesho kumwagilia alichopanda leo? Hayo ndiyo yanayoamua kama mtu ataweza kurudi darasani.

Afisa wa ustawi wa jamii alituuliza maswali ambayo sikuyatarajia. Ni nani analala chumba kimoja na mgonjwa? Ni nani analeta mkate nyumbani? Karo ya chuo imelipwa? Ndiye aliyetuonyesha jinsi ya kuandikia chuo ili nafasi yake ya masomo isipotee. Mfamasia naye alitufundisha ni dawa ipi inywewe na chakula, na kwa nini isikatishwe ghafla mgonjwa anapopata nafuu.

Isitoshe, mara moja kwa wiki wagonjwa na wauguzi waliketi kwenye duara uani. Walizungumzia chakula, redio, na nani alimchukulia mwenzake sabuni. Nilimwuliza Sista kama huo ni wakati wa mapumziko. Akanijibu kwamba hiyo nayo ni dawa. Mtu aliyeacha kuwaamini watu hujifunza tena kusema, kungoja zamu yake na kusikizwa, mahali ambapo akikosea hatachekwa. Wodi yenyewe, na namna watu wanavyoishi humo, ni sehemu ya matibabu.

Jambo lililonigusa zaidi lilihusu magazeti yangu. Mdogo wangu alimwambia Sista kwamba dada yake anamwandika gazetini. Mimi nyumbani nilikuwa nimebishana naye kwa miezi, nikimletea hata barua ya mhariri kama ushahidi. Mama alikuwa akiitikia tu ili amtulize. Sista hakubisha wala hakukubali. Alisema: "Mimi nikilisoma gazeti hilo sioni hivyo. Lakini naona kwamba jambo hili linakuogofya sana, na hofu hiyo naiamini. Hofu ikizidi usiku, unapenda tufanye nini?" Mdogo wangu akafikiri, akasema anapenda taa iachwe ikiwaka. Taa ikaachwa. Miezi minne nilikuwa nimepigania hoja, kumbe alihitaji taa.

KUTOKA KUFUNGIA HADI KUUGUZA

Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Hospitali hiyo ya Mathari tunayoifanyia mzaha ilianza mwaka 1910, katika majengo yaliyokuwa yakitumiwa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Serikali ya kikoloni iliyafanya hifadhi ya wendawazimu, na kazi kubwa ilikuwa kuwaweka watu mbali na macho ya wengine. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, alifikia hata kuandika kitabu, kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai kwamba ubongo wa Mwafrika hautumiki sawasawa na wa Mzungu. Kwa mawazo kama hayo, nani angejishughulisha kuzungumza na mgonjwa?

Mwaka 1952 ni wa kukumbukwa kwa mambo mawili. Mjini Paris, madaktari walianza kuwatibu wagonjwa wa akili kwa dawa iitwayo klopromazini, na kwa mara ya kwanza wengi waliokuwa wakisumbuliwa na sauti wakatulia bila minyororo. Mwaka huo huo, muuguzi wa Marekani, Hildegard Peplau, alitoa kitabu kilichofundisha kwamba uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa ni tiba yenyewe, si adabu tu ya kazini. Tangu hapo muuguzi wa akili hakuwa tena mshika funguo.

Hapa Afrika tulikuwa na wetu. Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, katika hospitali ya Aro karibu na mji wa Abeokuta, alianza mwaka 1954 kuwaweka wagonjwa katika nyumba za wanakijiji wa jirani. Mgonjwa alikuja na jamaa yake wa kumpikia na kumtunza, akatibiwa hospitalini mchana, jioni akarudi kijijini kulala miongoni mwa watu. Lambo alitambua kwamba Mwafrika hatengwi na watu wake akapona upesi. Jamaa, kwake yeye, alikuwa mmoja wa kundi la matibabu.

Hilo la mwisho ndilo nililolisikia nikalisahau.

KIKOMBE CHA CHAI

Mdogo wangu aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa ametulia. Tulipewa dawa za mwezi mmoja na tarehe ya kliniki. Sista alitusindikiza mpaka langoni, akasema: "Sasa zamu ni yenu."

Wiki ya tatu alikataa dawa. Alisema zinamnenepesha, zinamfanya asinzie, tena amepona. Mama akalia. Mimi nikawaza, nikajiona mwerevu. Nikasaga tembe kwa mgongo wa kijiko, nikaikoroga ndani ya chai ya maziwa yenye sukari nyingi na tangawizi, nikampelekea. Akanywa. Kesho yake nikafanya vivyo hivyo, na kesho kutwa. Nilimwambia mama kwamba ni siri yetu. Nikawa nampa chai ile kila jioni huku namwuliza habari za siku kwa tabasamu.

Siku ya kumi na moja alikifikia kikombe mwisho, akaona unga mweupe umeganda chini. Hakupiga kelele. Aliutia kidole, akaonja, akanitazama. Tangu saa ile hakula chakula kilichopikwa nyumbani. Alinunua mkate na maziwa ya pakiti dukani, akavifungua mwenyewe, akala amesimama mlangoni. Dawa ziliachwa kabisa. Baada ya wiki chache magazeti yalirudi dirishani.

Nilirudi kwa Sista nikiwa na malalamiko mengi: kijana ni mkaidi, haambiliki, anatushuku kwamba tunamtilia sumu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Je, mlikuwa mnamtilia kitu?"

Nikanyamaza.

"Kijana huyu," akasema, "kwa miezi mingi aliamini watu wake wanamfanyia hila kwa siri, na sisi sote tukamwambia si kweli. Wewe umeifanya iwe kweli. Sasa atawezaje kutofautisha?"

Msomaji, nimewahi kukaripiwa na wahariri wakali, lakini hakuna maneno yaliyonikata kama hayo, yaliyosemwa taratibu. Sista hakuniachia hapo. Alinifafanulia kwamba yako mazingira machache ambapo sheria huruhusu mgonjwa atibiwe bila hiari yake, mathalani maisha yanapokuwa hatarini. Lakini hayo huamuliwa na wataalamu waziwazi, yakaandikwa, na mgonjwa akaambiwa. Dada na kijiko jikoni hana idhini hiyo. Isitoshe, kusaga dawa ovyo kunaweza kuharibu utendaji wake, na mgonjwa asiyejua amekunywa nini anaweza kudhurika.

Alitaka nimwambie mdogo wangu mwenyewe. Siku ya kliniki tuliketi watatu. Nilimwambia nilichofanya, kwa siku ngapi, na kwa nini. Nikamwomba radhi. Alitazama sakafu kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Nilijua. Kilichoniumiza ni vile ulikuwa ukicheka nami huku nakunywa."

ZAMU ZETU

Kazi ya kujenga upya ilichukua muda. Sista alimwuliza mdogo wangu, mbele ya daktari, dawa zile zinamsumbua vipi hasa. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kuyasikia majibu yake bila kuyakatiza. Daktari akabadilisha dawa, akapendekeza sindano ya mara moja kwa mwezi badala ya tembe za kila siku, naye akachagua sindano. Alichagua mwenyewe, nami nikaanza kuona tofauti.

Nyumbani tuligawana zamu kama wodini. Mama kazi yake ni chakula na ibada, na hazungumzii dawa kabisa. Baba mdogo, ambaye alikuja kuwa rafiki mkubwa wa Sista, humsindikiza kliniki kila mwezi. Mimi kazi yangu ni kutazama usingizi. Akikosa kulala usiku mbili mfululizo, nina ruhusa yake, aliyoitia saini katika daftari, ya kupiga simu kliniki. Naye ana zamu yake: ndiye anayeshika daftari na kuandika dalili anazozihisi yeye kabla sisi hatujaziona.

Liko pia sharti moja gumu kwangu, la kupunguza maneno. Huko London, kuanzia miaka ya 1950, mtafiti George Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wa skizofrenia waliotoka hospitalini. Waliona kwamba waliorudi katika nyumba zenye lawama, uhasama au kubembelezwa kupita kiasi waliugua tena kwa wingi kuliko waliorudi katika nyumba tulivu. Haimaanishi kwamba familia ndiyo huleta ugonjwa. Maana yake ni kwamba utulivu wetu unasaidia dawa kufanya kazi, na kelele zetu zinaivuta nyuma. Ule wimbo wetu wa "umelala mpaka saa hizi?" tuliuacha, ingawa mama bado huuanza kisha akajifunika mdomo kwa leso.

Alirudi chuoni mwaka 2020, akasoma polepole, akamaliza. Amewahi kuugua tena mara moja, akalazwa siku kumi, akatoka. Siwezi kukuambia kwamba amepona kabisa kama mtu aliyepona malaria. Ninachoweza kukuambia ni kwamba anafanya kazi, anachekesha watu, na dirisha la chumba chake lina pazia.

Nawe msomaji, ukimwona kijana wako amejitenga, halali, anasema peke yake, au anashuku kila mtu kwa wiki kadhaa, usingoje miezi minne kama sisi. Ombeni, naam, lakini mpelekeni hospitalini pia. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa inaipa serikali ya kila kaunti jukumu la kutoa huduma hizi, tena inatambua haki ya mgonjwa kushirikishwa katika kupanga matibabu yake. Ukifika, usimtafute daktari peke yake. Mwulize muuguzi jina lake, umweleze anavyolala mgonjwa wako na anavyokula, usikilize atakayokuambia. Akikuambia zamu ni yako, amini kwamba ana maana.

Mwezi uliopita tulipanda matatu pamoja kwenda jijini. Tulipokaribia Muthaiga, makanga akaanza mzaha wake: "Wa Mathari mjitayarishe!" Gari lote likacheka. Nikahisi uso ukinichoma, nikatafuta cha kusema. Mdogo wangu akamjibu kwa ile sauti yake ya msomaji wa habari: "Asante kondakta, mimi nilishateremka zamani. Wewe je?" Watu wakacheka zaidi, na makanga naye akacheka.

Nilipomaliza kuandika makala haya nilimpa ayasome kabla ya mhariri. Safari hii ni kweli dada yake amemwandika gazetini. Aliyasoma mara mbili, akachukua kalamu nyekundu, akafuta aya mbili ambazo alisema ni zake mwenyewe, si za wasomaji. Nimeziondoa. Kisha akasahihisha hesabu yangu ya zile siku za chai. Mimi nilikuwa nimeandika wiki moja.